Ng'ombe Watatu Waliopita Nkende

Machi 3

Nesi wa kliniki ya Mwanza alimpa mke wangu daftari hili, akamwambia aandike tarehe zake, dawa atakazochomwa na anavyojisikia kila siku. Naomi ni fundi cherehani na Pasaka inakaribia, hana nafasi ya kuandika hata majina ya wateja. Akalisukuma upande wangu wa meza akasema, "Mwalimu ni wewe." Kwa hiyo, nesi, ukikuta humu mambo yasiyokuhusu, lawama ni zangu.

Naitwa Modestus. Nina miaka arobaini na saba na kitambi cha kiasi. Ni mzaliwa wa Mbinga, nililetwa Tarime na barua ya serikali miaka kumi na tisa iliyopita, na barua ya kunirudisha haijafika. Nafundisha jiografia. Naomi ni Mkurya wa hapa hapa, ana thelathini na saba. Tunakaa Nkende. Tumeoana miaka tisa na hatuna mtoto, na hiyo ndiyo sababu ya daftari.

Machi 4

Nimekwenda kwenye dirisha la bima na karatasi zote za Mwanza. Dada wa dirishani alizisoma mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawafanyi, kisha akasema bima inatibu ugonjwa, na kukosa mtoto siyo ugonjwa. Nikamuuliza basi ni nini. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema hajui, ila siyo ugonjwa.

Miaka kumi na tisa nakatwa kwenye mshahara. Nimetibiwa malaria na jino moja. Nikamwambia ningejua ningeugua zaidi. Hakucheka.

Kliniki wanataka milioni kumi na nne. Tuna karibu kumi: mkopo wa chama cha walimu, akiba ya Naomi, na pikipiki niliyoiuza juzi. Daktari anataka tuanze kabla ya Mei, kwa sababu Naomi anakaribia thelathini na nane na hesabu za daktari hazipendi thelathini na nane.

Machi 6

Mvua ya kwanza. Bati linapiga kelele, Naomi anaimba.

Machi 9

Kaka yake Naomi, Kisyeri, amekuja kutoka machimboni. Ana miaka thelathini, mikono kama jembe, na tope la rangi tatu tofauti kwenye suruali moja. Tangu dhahabu ilipoonekana ng'ambo ya Kisaka, nusu ya vijana wa wilaya mbili wamehamia huko na nusu iliyobaki inatafuta nauli. Darasani kwangu viti kumi na moja viko wazi. Nyama imepanda bei kana kwamba ng'ombe nao wanachimba.

Kila akija, Kisyeri anamaliza ugali, anamaliza mboga, kisha anatangaza kwamba wiki ijayo tutakuwa matajiri. Leo amesema duara lao, yaani shimo lao, limebakiza futi sita kufika kwenye mwamba wenyewe. Wanahitaji magogo ya kuzuia kuta. Laki tano tu, na mimi nitakuwa na mgao wangu.

Nimempa. Nilimpa nyuma ya nyumba, kwa siri, kama mtu mwenye akili. Nilipoingia ndani Naomi hakuinua macho kwenye cherehani. "Umempa ngapi?"

Machi 14

Nesi, hili la leo sijui kama ni la kliniki, lakini wewe uliona majibu, kwa hiyo hakuna ninachokuficha.

Baada ya misa, mama mmoja alimvuta Naomi pembeni akampa mizizi iliyofungwa kwenye gazeti. Naomi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hiki ni kifurushi cha kumi hivi. Tunayo mizizi ya kutosha kufungua duka.

Mizizi yenyewe inapewa mtu asiyestahili. Miaka minne iliyopita tulipimwa wote wawili. Naomi hana kasoro. Mwenye kasoro ni mimi: mbegu ni chache, na hizo chache hazina haraka, kama darasa la sita saa nane mchana. Ndiyo maana lazima daktari azichague moja moja na kuzisindikiza mpaka ndani ya yai, na ndiyo maana ya milioni kumi na nne.

Siku ile ya majibu, tukiwa bado kwenye benchi la hospitali, Naomi alisema, "Watu wakiuliza, waache wadhani ni mimi. Mimi ni wa kwao, watanisamehe. Wewe ni mtu wa kuja."

Nilipaswa kukataa. Nikasema, "Sawa." Ndilo neno fupi kuliko yote niliyowahi kusema, na linanichukua muda mrefu kulimeza.

Machi 15

Mvua.

Machi 21

Mvua. Mahindi ya jirani yamefika magotini. Watu wa mashamba wanamshukuru Mungu, watu wa machimbo wanamlalamikia, naye inabidi awasikilize wote.

Machi 28

Kisyeri amepiga simu. Maji yamejaa duara mpaka mdomoni. Hakuna aliyeumia, walikuwa wametoka kula. Magogo yangu ya laki tano yanaelea humo, anasema, yanaonekana vizuri sana.

Nilimwambia ashukuru yuko hai, nami nilimaanisha. Kisha nikakaa sebuleni nikiangalia ukuta. Naomi alinikuta, akaniletea chai, akaniambia angalau sasa namiliki kitu kinachoelea.

Tumebaki na tisa na ushee. Milioni nne na kitu hazipo, na Mei haisogei nyuma.

Aprili 5

Kisyeri alikuja, akala, akaniuliza hiyo hospitali ya Mwanza inataka kiasi gani hasa. Nilimtajia, tena kwa sauti ya mtu aliyeliwa laki tano. Akaomba sabuni, akafua suruali, akaondoka asubuhi bila kungoja chai. Nimeandika kwa sababu haijawahi kutokea.

Aprili 12

Ngoja niandike polepole.

Nilitoka shuleni saa tisa, mvua imekatika, njia ni tope tupu. Nikafika kwenye duka la Hamidu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee wa kutoka Tabora anayeuza kila kitu kuanzia sukari mpaka misumari. Nyuma ya duka lake walikuwa wamefungwa ng'ombe watatu. Mmoja alikuwa mweupe, sikio la kushoto limechanika, na uso wake nilikuwa naufahamu. Ni uso wa mama yake, ambaye nilimnunua mwenyewe mnadani miaka tisa iliyopita, nikampeleka ukweni pamoja na wenzake kumi na mmoja ili nipewe Naomi.

Kwa mtu asiye wa hapa inabidi nieleze. Kwa Wakurya, ng'ombe wa mahari wakirudi walikotoka, ndoa imekwisha. Hakuna barua, hakuna wakili. Ukiwaona wanakuja, umeshapata hukumu. Na tena ng'ombe wa dada ndio wanaomuolea kaka yake. Katika wale kumi na wawili na ndama wao walikuwa wamebaki watatu, na watatu hao ni wa Kisyeri. Ana binti ameshamuona. Dhahabu aliyokuwa anaitafuta ni ya kuongeza ng'ombe juu ya hao.

Majirani walikuwa wamesimama milangoni kimya, na Nkende huwa haikai kimya. Niliwaza: wamegundua. Wamekuja kumchukua dada yao.

Hamidu akatoka. "Mwalimu, una wageni."

Kisyeri alikuwa amesimama ndani ya duka, ameoga, amevaa shati lenye kola. Kola ile ndiyo iliyonimaliza. Na kwenye benchi, akiwa ametupa mgongo, akiangalia rafu ya sukari, alikaa mama mkwe wangu.

Mama mkwe na mimi hatujawahi kutazamana usoni. Siyo ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawali pamoja, hawaingiliani nyumba, hawasemeshani moja kwa moja. Akija mjini anafikia kwa Hamidu, na Hamidu anatupitishia maneno. Huwa anasema yeye siku hizi ni mnara wa simu. Katika miaka tisa nimeujua vizuri mgongo wa mama mkwe. Ni mgongo ulionyooka, na shuka lake la bluu huwa limepigwa pasi.

Nikaamkia mgongo shikamoo. Mgongo ukapokea.

Naomi alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, macho mekundu. Kumbe walishaongea kabla sijafika.

"Hamidu," alisema mama mkwe, "mwambie Mwalimu. Tulichukua ng'ombe wake kumi na wawili tukampa mke ambaye hajazaa. Ametuvumilia miaka tisa na hajaja kwetu hata siku moja kudai. Wengine wameliwa, wengine wamekufa na ukame. Hawa watatu ndio waliobaki. Kisyeri amekubali mwenyewe, sikumlazimisha. Mwalimu awachukue. Akitaka kumtibu Naomi, amtibu. Akitaka kuoa mwingine, aoe. Sisi hatutakuwa na neno."

Hamidu akageuka kunitazama, maana nilikuwa nimesikia kila kitu, hatua mbili kutoka pale.

Yaani walikuwa wamekuja kuniomba radhi. Mimi.

Naomi alinitazama akatikisa kichwa kidogo. Najua maana ya kichwa kile: nyamaza, chukua, tumalize, mimi nimeshazoea. Na kweli fedha ingetimia. Ningenyamaza dakika moja tu zaidi, juu ya miaka minne niliyokwisha kunyamaza.

Mimi siyo shujaa. Naogopa sindano, wakaguzi wa elimu, na mbuzi wa Hamidu. Lakini nilimtazama Kisyeri na kola yake. Niliwahi kuandika humu ndani kwamba anamaliza ugali, ukurasa wa nyuma kidogo, unaweza kwenda kuona.

"Hamidu," nikasema, "mwambie mama mkwe kwamba tatizo ni langu."

Hamidu akarudi nyuma hatua moja. "Mwalimu, hiyo mnara haupitishi. Sema mwenyewe."

Basi nikasema mwenyewe, kwa mgongo wa shuka la bluu.

"Mama, tulipimwa miaka minne iliyopita. Naomi ni mzima. Asiyeweza ni mimi. Alibeba lawama yangu ili nisiaibike kwenu, na mimi nikamwachia abebe."

Nje ng'ombe mmoja alikojoa kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyemkatiza.

Mama mkwe akamuuliza Kisyeri kwa Kikurya kama bado anawatoa ng'ombe. Kisyeri akakubali kwa neno moja. Kisha mama mkwe akamgeukia Naomi, aliyekuwa amelisogelea benchi, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Na wewe, muongo mkubwa." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaishika sketi ya Naomi kwa ncha, kama anapima kitambaa, na hakuiachia.

"Muulize Mwalimu," akasema baadaye, "huko hospitali wanatibu na wanaume?"

"Wanatibu, mama," nikasema, maana Hamidu alikuwa anajifuta macho kwa mfuko wa sukari.

"Basi ng'ombe hawajarudi. Ng'ombe akirudi ndoa imekwisha, na hapa hakuna ndoa iliyokwisha. Hawa wamepita tu. Wanakwenda hospitali." Akalinyoosha shuka lake. "Wasikanyage uwanja wa Mwalimu. Walale hapa hapa kwa Hamidu, kesho waende mnadani."

Hamidu akauliza kama yeye ameombwa ruhusa.

Wakati wa kutoka Kisyeri alinishika bega, nusura anitegue. "Kwa hiyo ni wewe, mura."

"Ni mimi."

"Na mimi miaka yote nilikuwa nakuogopa, nikisema utakuja kudai ng'ombe." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini akizaliwa wa kike, Shemeji, ng'ombe wake watatu wa kwanza ni wangu."

Nilimwambia mtoto wangu atasoma kwanza, chuo kikuu. Akasema yeye ameshazoea kungoja mwamba, atangoja na huyo.

Aprili 13

Mnada. Mnunuzi mmoja wa upande wa Sirari alimfinya finya yule mweupe akasema, "Hii ni ya wapi, mwalimu? Mbona inakuangalia kama mnajuana?" Nikamwambia tunajuana. Wameuzwa wote watatu kabla ya saa sita. Kisyeri hakugeuka nyuma walipopakiwa kwenye lori. Mimi niligeuka.

Aprili 14

Tumelipa Mwanza, yote. Mtunza fedha aliuliza kama tuna bima. Naomi alicheka mpaka akakaa chini.

Aprili 22

Sindano zimeanza. Zinatakiwa kukaa kwenye baridi na sisi hatuna friji. Zinakaa kwenye friji ya soda ya Hamidu, kati ya Mirinda na maji ya Kilimanjaro, ndani ya kopo la siagi lililoandikwa kwa mwandiko wake: SIYO SODA.

Nilijitolea kumchoma Naomi mwenyewe. Nimefundisha watu mistari ya latitudo na longitudo nusu ya maisha yangu, nikadhani siwezi kukosa tumbo. Nilipoona ncha ya sindano nikahitaji kukaa. Amejichoma mwenyewe huku akinipepea kwa bahasha.

Aprili 24

Umeme umekatika tangu asubuhi kwa sababu ya mvua. Hamidu alimsimamisha muuza samaki wa Shirati, akamnunua barafu yote ya kwenye boksi, samaki akawaacha. Dawa ziko salama. Zinanuka sato kidogo. Nesi, nilikupigia ukasema harufu haina madhara. Ulicheka, nimekusikia.

Aprili 25

Umeme umerudi. Hamidu amewakataza wateja kufungua friji wenyewe. Kila anayetaka soda anahojiwa.

Aprili 28

Tumehamia Mwanza, nyumba ya wageni karibu na kliniki. Mwalimu mkuu amenipa likizo bila kuuliza, maana Tarime nzima inajua. Nilidhani nitaona aibu. Wale akina mama wa mizizi walinisimamisha njiani wakanipa mimi mfuko, tena mkubwa. Nimepokea kwa mikono miwili.

Mei 4

Wametoa mayai saba. Na mimi nilipewa chumba na kikombe. Sitaandika zaidi, kuna mambo hata nesi hapaswi kusoma.

Mei 9

Matatu yamekuwa mimba changa. Wamemwekea Naomi moja, mawili wameyagandisha. Daktari alituonyesha kwenye kioo: nukta moja ya mwanga, ndogo kuliko kituo ninachoweka mwishoni mwa sentensi hii. Naomi akaniambia kwa sauti ya chini imefanana na mimi, haina haraka.

Kisyeri amepiga. Amezielewa habari zote isipokuwa jambo moja: wale wawili wa kwenye barafu wanakula nini.

Mei 13

Tumerudi Nkende. Naomi anatembea kama amebeba yai kichwani.

Mei 14

Hakuna.

Mei 15

Hakuna. Nimefua mwenyewe. Shati moja limebadilika rangi.

Mei 18

Naomi anataka nisimuulize anavyojisikia, halafu nisipomuuliza anauliza mbona simuulizi.

Mei 20

Mvua zinapungua. Mama mkwe ametuma uwele na kuku kupitia kwa Kisyeri. Kuku ni wa Naomi. Kisyeri alisisitiza hilo huku akilitazama paja la kuku.

Mei 23

Damu imepimwa leo asubuhi hapa Tarime, majibu yakatumwa kwako. Nesi, ulipiga simu saa saba na dakika ishirini. Najua kwa sababu nilikuwa natazama saa. Ulisema pole kabla ya kusema majibu, kwa hiyo tulijua.

Haikushika.

Naomi aliiweka simu juu ya cherehani, akachukua gauni la mteja, akashona pindo lote la chini, kisha akaona ameshona mbele na nyuma pamoja. Akaanza kulifumua. Hapo ndipo alipolia. Nilikaa chini kwenye vipande vya vitambaa nikamsaidia kufumua. Pindo la gauni ni refu kuliko mtu anavyodhani.

Jioni ilibidi mtu awaambie ukweni. Nilimpigia Kisyeri, hakupatikana, yuko duarani. Hamidu akasema atapiga yeye. Nikakataa. Nikapiga simu ya mama mkwe mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

Ilipokelewa. Sikusikia sauti, nilisikia kuku na mtu anapumua. Nikasema shikamoo, mama. Nikasema haikushika. Nikasema ng'ombe wa Kisyeri wamekwenda na sijamletea kitu. Nikasema yamebaki mawili Mwanza kwenye barafu, tutajaribu tena, kuweka moja tu siyo ghali kama mwanzo, ila sijui lini. Nikaongea sana, kama ninavyoandika humu.

Nikadhani ameshakata. Kisha akasema, siyo kwa Hamidu, siyo kwa Kisyeri:

"Mwalimu. Umekula?"

Nikasema bado.

"Nenda ule. Na huyo mwenzako ale."

Akakata. Nikaenda nikala, na huyo mwenzangu akala.

Mei 30

Jua siku ya tano. Kisyeri amekodi pampu pamoja na wenzake, wanavuta maji kwenye duara. Anasema magogo yangu yametua chini, safi kabisa, na futi sita ni zile zile. Amekula hapa mchana. Nimemwongeza ugali kabla hajaomba.

Nimewaza kama niendelee kuuona mgongo tu wa mama mkwe baada ya ile simu. Juzi alipita dukani. Alikaa kwenye benchi lake, akaangalia sukari yake, nikaamkia, akapokea. Mambo yamerudi yalivyokuwa, na nimefurahi. Alipoondoka Hamidu akasema ameacha ujumbe: tukienda Mwanza tena, friji iachiwe nafasi ya dawa.

Daftari hili limejaa na kesho linarudi kwako, nesi. Tarehe zote ulizoziomba zimo, utazipata ukivumilia. Naomi ameniagiza jipya. Amesema ninunue dogo, maana nikipewa nafasi najaza.

Nimenunua kubwa.